Chakula cha Jioni Juu ya Paa la Hurumzi

Mji Mkongwe wa Unguja ni mji wa kutembea kwa miguu. Vichochoro vyake vingi vinatosha watu wawili kupishana na punda aliyebeba mzigo, na motokaa ikithubutu kuingia ndani hukwama kabla ya kona ya pili. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa boti, akiisha kushuka bandarini Malindi na kushika njia ya Mizingani kandokando ya bahari, anaweza kuyapitia majumba matatu makubwa kwa mwendo usiozidi nusu saa. Yote matatu ni ya karne ya kumi na tisa, na mawili kati yake yanahusishwa na mtu mmoja. Lakini hali zake leo hazifanani. La kwanza liliokolewa na wahisani. La pili liliporomoka. La tatu linaishi kwa kupika na kuandalia wageni.

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu jumba la tatu, lililoko mtaa wa Hurumzi, ambako chakula cha jioni huandaliwa juu ya paa. Hata hivyo, si rahisi kulielewa jumba hilo bila kusimama kwanza mbele ya yale mawili, kwa maana ndiyo yanayoeleza ni bahati ya namna gani iliyolifanya libaki wima.

MAJUMBA MAWILI YA NJIANI

Jumba la kwanza liko mkono wa kushoto wa mtu atokaye bandarini, likitazama bahari. Roshani zake za mbao zimetobolewa nakshi nyembamba kama darizi ya kofia. Wenyeji huliita Dispensari ya Zamani. Jiwe lake la msingi liliwekwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887, mwaka ambao Malkia Victoria wa Uingereza alitimiza miaka hamsini katika ufalme. Tharia alikusudia jumba hilo liwe hospitali, lakini hakujaliwa kuliona likimalizika, kwani alifariki mwaka 1891. Mjane wake ndiye aliyeikamilisha kazi, nalo likawa tayari mwaka 1894. Kwa miaka mingi lilitumika kama zahanati, kisha likachakaa hata roshani zake zikaanza kuning'inia. Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulilikarabati upya, ubao kwa ubao.

Jumba la pili halihitaji kuelezwa sana kwa mtu aliyepata kuiona hata picha moja ya Unguja. Ni Beit el-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883, lenye nguzo za chuma na kumbi ndefu zilizolizunguka kila ghorofa. Liliitwa jumba la maajabu kwa sababu watu wa zama zile hawakuwa wamepata kuona kitu cha namna hiyo katika pwani hii. Baadaye likawa makao ya serikali, na miaka mingi baada ya hapo likawa makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa ndani kwa kazi ya ukarabati, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Watu wawili walipoteza maisha. Vizazi vitatu au vinne vya watu wa mji vilikuwa vimezoea kuutazama mnara ule kila vilipopita Forodhani, na kwa dakika chache pakabaki vumbi na uwazi.

Tukio hilo liliwakumbusha wengi jambo ambalo waashi wa kale walilijua vyema: majumba haya hayakujengwa yasimame peke yake bila kutunzwa.

MAWE, CHOKAA NA BORITI

Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyochimbwa hapa hapa kisiwani. Mawe hayo yaliunganishwa kwa chokaa, ambayo nayo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe katika tanuu la kuni, kisha kuyamwagia maji na kuyaacha yapoe na kulainika. Ukuta wa namna hiyo huwa mnene, mara nyingi nusu mita au zaidi, na ndiyo maana mtu aingiapo ndani wakati wa jua kali huhisi ubaridi usiohitaji pangaboi.

Dari na sakafu za ghorofa hubebwa na boriti za mikoko. Nyingi zililetwa kwa majahazi kutoka delta ya Mto Rufiji, na jahazi hilo hilo liliweza kuendelea na shehena hadi Arabuni na Ghuba, ambako miti ni haba. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Boriti nzuri huvuka kama mita mbili na nusu hadi tatu tu, kwa hiyo vyumba vingi vya mji huu ni virefu na vyembamba, awe mwenye nyumba ni tajiri au ni mtu wa kawaida. Tajiri aliweza kuongeza idadi ya vyumba, lakini hakuweza kuurefusha mkoko.

Ukuta wa chokaa hupumua. Huvuta unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Ukipakwa saruji kwa nje, unyevu hunaswa ndani, jiwe huanza kulegea, na vichwa vya boriti vilivyozamishwa ukutani huoza bila mtu kuona. Paa likivuja msimu mmoja na lisizibwe, msimu wa pili maji hufika kwenye boriti, na msimu wa tatu wakazi wa ghorofa ya juu huanza kuhamisha vitanda. Baada ya hapo ni suala la siku tu. Mtu yeyote aliyeishi Mji Mkongwe katika miaka ya 1970 na 1980 anaujua mlio wa nyumba inayoanguka usiku wa mvua.

Yalianguka mengi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi wa wenye majumba waliondoka Visiwani, na Serikali ikayatwaa mengi ya majumba yale. Familia zilizohamishiwa humo zilitoka Ng'ambo na mashambani, na mara nyingi familia kadhaa zilikaa katika jumba moja lililokuwa la mtu mmoja na watu wake. Kwao ilikuwa heshima kubwa kupata paa la mawe mjini. Lakini kodi ilikuwa ndogo, chokaa ikawa adimu, na mafundi waliojua kuichoma wakawa wanazeeka. Mwaka 1985 Serikali iliunda Mamlaka ya Kuhifadhi na Kuendeleza Mji Mkongwe ili kuizuia hasara hiyo, na mwaka 2000 shirika la UNESCO liliuingiza mji wote katika orodha ya urithi wa dunia. Heshima hiyo ni kubwa, ila orodha haizibi paa linalovuja.

TAJIRI WA FORODHA

Ukiliacha jumba la Beit el-Ajaib na kuingia vichochoro vilivyo nyuma yake, baada ya hatua chache utajikuta Hurumzi. Jumba tunalolitafuta linasimama hapo, refu kupita majirani zake. Husemwa kuwa katika mji mzima lilizidiwa kwa urefu na Beit el-Ajaib peke yake. Linajulikana kuwa lilikuwa makazi na makao ya biashara ya yule yule Tharia Topan aliyeweka msingi wa Dispensari.

Tharia alizaliwa Kachi, Bara Hindi, mwaka 1823, katika jamii ya Makhoja, akafika Unguja akiwa kijana asiye na mali. Alipata kazi katika nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyokuwa imekodi ushuru wa forodha kutoka kwa masultani. Alijifunza hesabu, akaaminiwa, akatajirika, na hatimaye naye akaushika ushuru wa forodha. Msafiri Henry Morton Stanley alimtaja katika kitabu chake cha mwaka 1872 miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa mji. Sultani Barghash alipozuru Uingereza mwaka 1875, Tharia alifuatana naye. Mwaka 1890 Malkia Victoria alimpa cheo cha heshima cha Sir.

Mali ya watu wa namna yake ilitoka wapi? Ilitoka bara. Matajiri wa Unguja waliwakopesha wakuu wa misafara fedha, nguo na shanga, na misafara ikarudi na pembe za ndovu. Tippu Tip, aliyekuwa mkuu wa misafara mashuhuri kuliko wote, alikuwa miongoni mwa waliokopeshwa na Tharia. Pembe ile ilibebwa mabegani mwa wapagazi, na wengine kati ya waliofika pwani hawakufika kwa hiari yao. Hapa Unguja kwenyewe palikuwa na mashamba ya mikarafuu, zao lililoingia kisiwani mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa na kupaliliwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa. Kwa hiyo mgeni akaaye leo juu ya paa la Hurumzi na kusikia harufu ya karafuu ikipanda kutoka jikoni, ananusa pia historia ya jumba lenyewe.

JINA LA MTAA

Husimuliwa na watu wa mji kwamba jina Hurumzi limetokana na neno huru. Inaelezwa kuwa jumba hili, au sehemu yake, lilitumiwa na Waingereza kama mahali ambapo wenye watumwa walikwenda kulipwa ili watumwa wao waachwe huru. Simulizi hiyo imeshika mizizi, na hakuna mtembeza wageni anayepita hapa bila kuisema.

Yaliyo katika kumbukumbu za sheria ni haya. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Sultani Barghash aliutia saini kwa kushinikizwa na balozi mdogo wa Uingereza, John Kirk. Mahali palipokuwa na soko hilo, Mkunazini, pakajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Watu waliokwisha kuwa watumwa waliendelea kuwa hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Amri ya kuondoa utumwa katika sheria ilitolewa tarehe 6 Aprili 1897, zama za Sultani Hamoud bin Mohammed. Hata hapo uhuru haukugawiwa kama sadaka mlangoni. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba mbele ya mahakama. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909.

Na fidia ilitolewa kwa nani? Kwa mwenye mtumwa. Aliyepoteza kazi ya mtu mwingine alihesabiwa kuwa amepata hasara, naye akafidiwa. Aliyepoteza miaka ya maisha yake hakulipwa kitu. Na kama kibanda chake kilikuwa katika shamba la bwana wake, huenda akakipoteza pia. Ikiwa simulizi ya wenyeji ni ya kweli, basi ngazi zinazopandwa leo na wageni wa chakula cha jioni zilipandwa siku zile na mabwana waliokwenda kupokea fedha, na waliokuwa wakiuzwa uhuru wao walisubiri chini, barazani.

Jambo hili halimzuii mtu kula. Lakini litajwe, maana mara nyingi nyumba nzuri za kale huelezwa kwa majina ya waliomiliki funguo zake, na waliobeba mawe husahauliwa.

KUPANDA NGAZI

Katika miaka ya 1990 jumba la Hurumzi lilipata kazi mpya. Emerson Skeens, Mmarekani aliyefika Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuupenda mji, alishirikiana na wenzake kulikarabati na kuligeuza hoteli ndogo yenye mkahawa paani. Yeye alifariki mwaka 2014. Jumba linaendelea kubeba jina lake, na mkahawa wa juu huitwa nyumba ya chai.

Mwandishi wa makala haya aliupanda mlolongo wa ngazi hizo saa za alasiri, jua likiwa limeanza kulegea. Mlango wa mtaani ni wa mbao nzito. Ndani pana giza la ubaridi, kisha ngazi za mbao, ndefu na zilizosimama, kila ghorofa na ngazi yake. Lifti hakuna. Mtu mnene hupumzika mara mbili. Njiani unapita vyumba vyenye dari ndefu, vitanda vya Kizanzibari vyenye vioo na michoro, madirisha yenye vioo vya rangi, na boriti zilizoachwa wazi ili zionekane. Ghafla ngazi ya mwisho inakutoa juani, na mji wote uko chini yako.

Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini matajiri wa kale walipenda kujenga kwenda juu. Mtaani hujui kichochoro kinakwenda wapi. Paani unaona kila kitu: bahari ya mabati yenye kutu, minara ya misikiti, mnara wa hekalu la Wahindi ulio jirani, na minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu. Mbele, kuelekea baharini, upo uwazi ulioachwa na mnara wa saa wa Beit el-Ajaib. Ikiwa mtu aliwahi kuja hapa kabla ya mwaka 2020, jicho lake huutafuta mnara ule na kuukosa.

Kabla ya kuingia mahali pa kulia, mgeni huvua viatu. Hakuna viti virefu wala vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi ya moto. Pametandikwa mazulia, pamewekwa mito, na meza ni fupi kiasi cha magoti. Paa la juu limeezekwa na kushikiliwa na nguzo, pande zote ziko wazi, na upepo wa baharini hupita unavyotaka. Nafasi ni chache, kwa hiyo watu huagiza mapema. Wageni hukusanyika kabla ya magharibi. Jua linapozama, adhana huanza msikiti mmoja, ikapokelewa na wa pili, na wa tatu, mpaka sauti zinakutana juu ya mabati. Mazungumzo hupungua yenyewe, hata kwa wale wasiojua kinachosemwa.

Kisha chakula huletwa kwa awamu, kidogo kidogo. Ni chakula cha pwani: samaki, pweza, kamba, wali ulioungwa kwa nazi au kwa viungo, mchuzi wenye ukwaju, achari ya embe, matunda ya msimu. Iliki na mdalasini havifichwi. Tofauti na mezani kwetu ni kwamba kila kitu kimepunguzwa na kupangwa: vipande vitatu vya pweza mahali ambapo mama wa nyumbani angeweka bakuli zima. Wahudumu ni vijana wa hapa hapa, wepesi wa mwendo, na kila sahani waliyoileta ilipanda kwa miguu yao. Mlaji akihesabu ghorofa alizopanda mara moja kwa jasho, atakadiria zile ambazo mhudumu huzipanda kwa usiku mmoja akiwa na sinia mkononi.

UNGWANA WA KUKAA CHINI

Mtu aliyelelewa pwani, akikaa kwenye zulia lile, hawezi kukosa kutabasamu. Kuvua viatu mlangoni, kukaa chini pamoja, kunawishwa mikono kwa birika, kuzunguka sinia moja: hayo ndiyo aliyoyaona kwa bibi yake. Kwa miaka mingi baadhi yetu tulidhani kuwa ustaarabu wa kula ni kuhamia kwenye kiti na kupigana na kisu na uma, na jamvi tukaliacha kwa wazee na kwa siku za arusi. Sasa wageni kutoka Ulaya na Marekani husafiri maelfu ya maili, hupanda ngazi kwa taabu, hulipa kwa dola, ili wakae chini kama bibi alivyokaa.

Kwa hiyo funzo la kwanza la Hurumzi ni la heshima. Upishi wa Unguja ni elimu kamili. Umechukua nazi na samaki wa pwani, ukapokea mchele na viungo kutoka Bara Hindi, nyama na tende kutoka Arabuni, muhogo na pilipili zilizovuka bahari kutoka Amerika, na wanawake wa nyumba zetu wakavipatanisha vyote katika chungu kimoja. Kazi hiyo haikuwa na cheti wala mshahara. Inapopandishwa juu ya paa na kuitwa karamu, inafaa tukumbuke jikoni ilikotoka.

Funzo la pili si tamu sana. Bei ya mlo mmoja wa mtu mmoja pale juu ingetosha familia ya mfanyakazi kununua chakula cha siku kadhaa. Ndiyo sababu wenyeji wanaoketi kwenye yale mazulia ni wachache. Mtu anaweza kuishi miaka thelathini mita mia kutoka mlango wa Hurumzi na asiwahi kuuona mji wake kutoka juu. Mtoto wa mtaa huo huweza kuwaeleza watalii simulizi ya jina la Huru bila kuwahi kuvuka kizingiti cha jumba lenyewe.

Je, tuwalaumu wenye mkahawa? Hapana, si kwa wepesi. Jumba hili linahitaji chokaa kila mwaka, boriti kubadilishwa, paa kuzibwa, nakshi kupakwa mafuta. Fedha hizo hutoka mezani. Dispensari ya Zamani ilipata mfadhili mkubwa, lakini wafadhili wa namna hiyo hawatoshi kwa mji wenye majumba mengi kiasi hiki. Beit el-Ajaib lilikuwa mali ya umma, likapendwa na kila mtu, na mapenzi hayo hayakulizuia kuanguka. Hurumzi linasimama kwa sababu kila jioni kuna mtu anayepanda hadi juu na kuona kama maji yamevuja. Nyumba yenye mtu ndani huonwa inapoumwa.

Lakini pia tusiseme kwamba hoteli ndiyo dawa ya kila ugonjwa. Mji ukigeuzwa wote kuwa vitanda vya wageni, nani atakaa barazani? Nani ataswali katika msikiti wa mtaa, nani atauza kahawa jioni, nani atamtuma mtoto dukani? UNESCO iliuheshimu Mji Mkongwe si kwa mawe yake tu, bali kwa jinsi tamaduni za Afrika, Arabuni, Bara Hindi na Ulaya zilivyokutana hapa na kuishi pamoja. Kuishi huko hufanywa na watu. Wakihama wote kwenda pembezoni kwa sababu kodi imepanda, patabaki kuta zilizopakwa chokaa safi na harufu ya mdalasini, bila wenyewe.

KWA FAMILIA INAYOSAFIRI

Msomaji anayefikiria kuwapeleka watoto Unguja siku za sikukuu asikate tamaa kwa sababu ya bei ya paani. Aanze safari yake mchana, kwa njia ile ile tuliyoitaja: Dispensari, kisha Beit el-Ajaib, kisha Hurumzi. Awaonyeshe watoto vichwa vya boriti vinavyochungulia katika nyumba zilizochakaa, na ukuta uliopasuka ambapo jiwe la tumbawe linaonekana na alama za viumbe wa bahari ndani yake. Awafundishe kuutofautisha ukuta wa chokaa na ule uliopakwa saruji. Afike Mkunazini, awaeleze lililokuwapo kabla ya kanisa. Mtoto akiyajua hayo, Hurumzi haitakuwa kwake jina tu.

Jioni aende Forodhani, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa. Hapo moshi wa mishkaki hupanda, juisi ya miwa husagwa, urojo hutiwa katika bakuli pamoja na bajia, viazi, muhogo wa kukaanga na pilipili. Viungo vya Forodhani na vya Hurumzi vinatoka soko moja la Darajani. Bahari ni ile ile na adhana ni ile ile. Kinachokosekana ni ule urefu wa kuutazama mji wote kwa mara moja.

Na urefu huo unaweza kugawiwa bila kumfilisi mtu. Wenye hoteli za majumba ya kale, si Hurumzi peke yake, wangeweza kutenga asubuhi moja kila mwezi, saa ambazo meza ziko tupu, wanafunzi wa skuli za mjini wapande hadi juu pamoja na walimu wao. Wangeweza kuwaalika waashi wazee wakati wa kubadilisha boriti, na vijana wanaojifunza ufundi wakaja kutazama jinsi chokaa inavyochanganywa. Gharama yake ni ndogo. Faida yake ni kwamba miaka thelathini ijayo, paa la Hurumzi litakapovuja, watakuwapo mafundi wa kuliziba ambao hawatahitaji kuagizwa kutoka nje, nao watalijua jumba hilo kwa kuwa waliwahi kulipanda wakiwa watoto.

Mamlaka ya Mji Mkongwe nayo ina nafasi yake. Kila nyumba ya zamani inayokodishwa kwa biashara ya wageni ina mkataba, na mkataba ndio mahali pa kuandika kwamba mlango utafunguliwa kwa watoto wa mtaa siku fulani, na kwamba fundi atakayeajiriwa awe na mwanafunzi pembeni yake. Wapagazi walioleta pembe na waashi waliopandisha mawe ya Hurumzi walishuka ngazi zile bila kuachiwa hata jina lao ukutani. Wajukuu wa wajukuu wao wanaishi Ng'ambo, Kikwajuni na Michenzani, mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu.